Dada yangu anafungua kapsuli anakunywa robo. Dawa ya ugonjwa wa Lyme hupandishwa kidogo kidogo kweli?

MwalimuIpuli

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tabora mjini, nafundisha sekondari. Nauandika uzi huu saa saba usiku kwa sababu nimetoka kuongea na dada yangu wa toka nitoke, na usingizi umenipaa.

Dada anaishi Pennsylvania, Marekani, kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Mwezi uliopita alikuwa anafyeka majani nyuma ya nyumba. Hakuona kupe wala hakuhisi kung'atwa. Siku kama kumi baadaye likatokea doa jekundu pajani, likawa linatanuka kila siku huku katikati panafifia, mpaka likawa kubwa kama kisahani cha chai. Daktari aliliangalia tu akajua: ugonjwa wa Lyme. Akaandikiwa doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 10.

Akameza kapsuli ya kwanza saa mbili usiku. Saa tano ikaanza baridi, meno yanagongana, kichwa kinapasuka, homa juu, na lile doa likawaka kuliko mwanzo. Yuko peke yake chumbani. Asubuhi akaamka mwepesi, lakini hofu imeshaingia. Akaingia kwenye kundi la wagonjwa wenzake mtandaoni, wakamwambia dozi ni kubwa mno kwa mwili wake. Wanasema vijidudu vinakufa vingi kwa mpigo na sumu yake itamzidi, kwa hiyo aanze na robo ya kapsuli siku moja ndiyo siku moja hapana, apandishe kila wiki, afike dozi kamili baada ya mwezi na nusu.

Leo ni siku ya nne anafungua kapsuli, anagawa unga kwa ncha ya kisu, anakoroga kwenye maziwa.

Nimeshindwa kumjibu. Lakini alivyosimulia ule usiku nilimwona bibi yetu wa Uyui, mwaka 1994. Bibi alikuwa na homa inamkamata siku tatu, inamwachia wiki nzima mpaka anarudi shambani, halafu inamrudia. Alipewa klorokwini mara mbili. Mara ya tatu bwana wa maabara akatazama damu kwenye hadubini, akamwita mjomba naye achungulie: vitu vyembamba vimejikunja kama springi ya kalamu, vinapita katikati ya chembe za damu. Homa ya papasi, ile ya kupe wa kwenye nyufa za nyumba za udongo. Akapewa tetrasaiklini, na baada ya saa mbili tatu bibi akatetemeka hadi kitanda cha chuma kikawa kinatembea sakafuni. Sisi watoto tulilia. Mjomba alitaka kumbeba amrudishe nyumbani, akisema wamempa sumu. Nesi mmoja mtu mzima akasimama mlangoni akakataa. Alfajiri bibi akaomba uji.

Je, ni kitu kimoja? Na nimwambie nini dada? Naomba wenye ujuzi mnisaidie.

NyukiSikonge

Pole Mwalimu. Mimi homa ya papasi naijua, huku kwetu wazee wanaisimulia sana. Hiyo Lyme ndiyo naisikia leo. Huku ipo? Maana sisi warina asali tunashinda porini, kupe ni sehemu ya kazi.

TabibuHeru

Mwalimu, umeuliza jambo la maana kuliko unavyodhani. Mimi ni tabibu, nipo Kasulu, na homa ya papasi nimeitibu kwa miaka mingi. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza Nyuki. Lyme ni jina la mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1975 akina mama wa pale waliona watoto wao wengi wanavimba magoti kwa wakati mmoja, wakapiga kelele mpaka wataalamu wakaja. Anayeeneza ni kupe mgumu mdogo, akiwa mchanga hazidi mbegu ya ufuta, anayekaa kwenye misitu na nyasi za kule. Kupe huyo hayupo Sikonge. Kupe wa porini kwako wana magonjwa yao mengine, lakini hilo moja uliondoe moyoni.

Sasa undugu wao. Mdudu wa Lyme na mdudu wa homa ya papasi ni wa ukoo mmoja, borelia. Yule aliyemgundua wa Lyme, Willy Burgdorfer, Mswisi aliyehamia Marekani, aliwaona kwenye kupe mwaka 1981 kwa sababu alikuwa ameshawazoea. Masomo yake ya uzamivu (PhD) kule Basel, aliyoyamaliza mwaka 1951, yalikuwa juu ya papasi. Ndiyo, papasi huyu huyu wa kwenye nyufa za nyumba zetu za udongo. Alikaa miaka akipasua papasi na kufuatilia borelia ndani ya matumbo yao, na miaka thelathini baadaye alipotazama kupe wa Marekani na kuona vile vinyuzi vilivyojipinda, hakuhitaji kuambiwa ni nini. Huwa nawaeleza hivi wanafunzi wa maabara wanaodhani homa ya papasi ni ugonjwa wa kizamani usio na faida kuujua.

Tofauti zipo pia. Papasi ni kupe laini, hana gamba gumu mgongoni. Hutoka usiku, anakunywa damu chini ya nusu saa, anarudi ufani, na wewe asubuhi hujui lolote. Akikosa chakula hukaa miaka bila kufa, na jike mwenye borelia huwarithisha watoto kupitia mayai. Hilo Robert Koch alilithibitisha mwaka 1905 katika nchi hii hii, alipowachunguza papasi wa vibanda vya njia za misafara. Mwaka huo huo Dutton, Mwingereza aliyekuwa anaufuatilia ugonjwa huu upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, alikufa kwa homa yenyewe pale Kasongo, Kongo. Mdudu akapewa jina lake. Kupe wa Lyme yeye huganda mwilini, na kwa kawaida anahitaji zaidi ya siku nzima akiwa ameng'ang'ania ndipo aambukize.

Tuje kwenye kutetemeka. Alichopata bibi yako na alichopata dada yako ni kitu kimoja, tofauti ni ukali. Kina majina ya madaktari wawili wa ngozi, Jarisch wa Austria aliyekieleza mwaka 1895 na Herxheimer wa Frankfurt mwaka 1902. Wao walikiona kwa wagonjwa wa kaswende waliopewa zebaki, maana mdudu wa kaswende naye ni wa umbo hilo la kujipinda. Dawa inapoingia, vijidudu vinapasuka, vipande vyake vinaamsha kinga ya mwili kwa ghafla, mwili unapandisha homa. Huanza saa moja hadi nne hivi baada ya dozi ya kwanza, na ndani ya saa 24 kimekwisha. Kwenye homa ya papasi kinakuwa kikali kwa sababu damu imejaa vijidudu, mabilioni. Kwenye Lyme damu haina wingi huo, ndiyo maana ni kama wagonjwa 15 kwa 100 tu wanaokipata, na huwa chepesi.

Sasa shika hili, Mwalimu: hutokea na dozi ya kwanza, mara moja, kisha basi. Dada yako alishalivuka daraja hilo usiku ule akiwa peke yake chumbani. Robo anazokunywa sasa hazimkingi na kitu, kwa sababu alichokuwa anakikimbia kilishapita. Zinachofanya ni kuuacha mwili na dawa pungufu wakati mdudu bado yumo. Lyme ikiachwa inaweza kwenda kwenye moyo, kwenye mishipa ya uso mpaka upande mmoja ukalegea, na baadaye kwenye magoti. Hilo doa pajani ndiyo hatua ambayo ni rahisi kuimaliza.

Na maziwa aache. Doksisaiklini hushikana na madini ya maziwa, haiingii vizuri mwilini. Kapsuli imezwe nzima, kwa glasi kubwa ya maji, akiwa amekaa wima, na asilale hapo hapo, maana ikikwama kooni huchoma na kutoa kidonda. Ajikinge na jua kali pia. Lakini kabla ya yote ampigie daktari wake amweleze ukweli wote, pamoja na hizo robo. Mimi niko Kasulu, sijamgusa mgonjwa.

MpwaWaGungu

Mkuu TabibuHeru, kwa heshima, naomba nipinge kidogo. Mama yangu mdogo alipoanza dawa za virusi vya Ukimwi zamani zile, alipewa nevirapini kidonge kimoja kwa siku wiki mbili za kwanza, ndipo akapanda kuwa viwili. Hospitali yenyewe ilimwambia mwili unazoezwa. Kwa hiyo kupandisha dawa kidogo kidogo siyo uzushi wa mtandaoni, ni tiba. Na kama mtu anaweza kutetemeka hadi kitanda kinatembea, kuna ubaya gani kupunguza makali?

TabibuHeru

Mpwa, hoja yako nzito na nashukuru umeileta, kwa sababu wengi tuliipata hapo hiyo picha ya "kuzoeza mwili". Nevirapini ilianzwa nusu kwa sababu mbili. Dawa ile huamsha ini liivunje yenyewe kwa kasi zaidi, kwa hiyo siku za mwanzo kiwango chake kwenye damu hupanda sana kwa dozi ile ile. Pili, wakianza na nusu, upele mbaya wa ngozi hupungua. Shida ilikuwa kati ya dawa na mwili wa mgonjwa. Huku kwetu kinachomtetemesha mgonjwa ni mdudu anayekufa, dawa haimgombezi mtu. Ukimuua polepole bado utamuua, au hutamuua kabisa.

Nisikufiche upande wa pili lakini. Ethiopia, kwenye homa ya chawa ambayo ni ndugu mwingine wa hizi, madaktari walilinganisha penisilini ya kuachia dawa polepole na tetrasaiklini. Penisilini ilileta mtetemeko mpole zaidi, lakini vijidudu vilichelewa kuondoka kwenye damu na wagonjwa wengine homa iliwarudia. Kwa hiyo upole una bei yake, na anayelipa ni mgonjwa.

Tunachofanya sisi ni kubadili mahali na siyo dozi. Mgonjwa wa homa ya papasi haruhusiwi kwenda nyumbani na kidonge cha kwanza mfukoni. Anakimeza mbele yetu, analazwa, anakunywa maji mengi, tunapima presha kila baada ya muda. Mtetemeko wenyewe unatisha macho, ila saa ya hatari ni ile inayofuata, homa inaposhuka kwa kasi, jasho linamwagika na presha inaporomoka. Mgonjwa aliyedhoofika akisimama wakati huo kwenda chooni anaweza kuanguka asiamke. Dripu inakuwa tayari imening'inia. Yule nesi wa mwaka 1994 aliyesimama mlangoni alikuwa anajua. Kama mjomba angembeba bibi wakati ule akamweka kwenye baiskeli, pengine tungekuwa tunasoma habari nyingine.

MamaKibirizi

Nimesoma yote na machozi yamenilengalenga. Naomba nami niseme.

Mimba yangu ya pili nilikuwa kwa mama mkwe, nje kidogo ya mji, nyumba ya tope. Miezi saba. Homa ikaja, nikapelekwa zahanati moja, wakanitoboa kidole, kipimo cha haraka kikasema malaria hakuna. Nikapewa panado. Ikaondoka. Baada ya siku kama nane ikarudi kali zaidi, kipimo tena, malaria hakuna, panado tena. Hakuna aliyeniuliza nalala wapi. Mara ya tatu uchungu ukaanza kabla ya wakati. Mtoto aliishi saa chache.

Ni kituo cha pili ndipo mama mmoja wa maabara alipochukua damu akaiweka kwenye kioo, akaona. Nikapewa erithromaisini, siku kumi. Na mimi nilitetemeka, ila alinikalia pembeni ananishika mkono, ananiambia "itapita dada, itapita kabla ya adhana ya alfajiri". Ikapita kweli.

Mwalimu, mwambie dada yako asimeze dawa akiwa peke yake chumbani. Hata kama mtetemeko haurudi. Mtu awepo.

NyukiSikonge

Pole sana Mama. Mungu amlaze kichanga mahali pema.

TabibuHeru

Pole sana, Bi. Uliyoyasema nayaona kila mwaka na yananiuma. Homa ya papasi ni katili kwa wajawazito, vijidudu hujaa kwenye damu kuliko kwa mtu mwingine, na mimba nyingi hutoka au mtoto huzaliwa kabla ya wakati. Erithromaisini ndiyo tunayowapa kwa sababu doksisaiklini na tetrasaiklini tunaziepuka mimba ikiwapo.

Kuhusu kipimo, nieleze kwa ajili ya wasomaji wengine. Kile cha haraka hutafuta malaria tu. Kikisema hakuna, kimesema ukweli kuhusu malaria, hakijasema kitu kingine chochote. Zamani kila homa ilipita kwenye hadubini, na mtaalamu aliyekuwa anasaka malaria aliwakuta borelia njiani, kwenye kioo kile kile. Kipimo cha haraka kimeokoa watu wengi vijijini na siwezi kukisema vibaya, lakini macho yale tumeyapoteza. Kwa hiyo mwenye homa inayokuja na kuondoka, malaria haionekani, na analala kwenye nyumba ya sakafu ya udongo, adai damu yake iwekwe kwenye kioo, na apimwe siku homa iko juu. Homa ikishatulia vijidudu vimejificha. Hubadili vazi lao la nje, kinga ya mwili haivitambui tena, ndiyo maana homa inarudi.

MpwaWaGungu

Mama Kibirizi, pole kutoka moyoni. Tabibu, nimekuelewa na nimekubali. Swali la mwisho: lile kundi la dada yake Mwalimu, kuna watu wanasema wana miezi wanatetemeka na kuumwa kila wakipandisha dawa, na wanaita ni vijidudu vinakufa. Hao nao?

TabibuHeru

Hao naomba tuwasikilize kwa huruma. Kuna watu wanaotibiwa Lyme wakabaki na uchovu, maumivu ya viungo na kichwa kizito kwa miezi. Wanaumwa kweli. Lakini mtetemeko wa wiki ya sita siyo ule wa Jarisch na Herxheimer. Ukiutafsiri hivyo, utakuwa unashangilia madhara ya dawa, au mzio, au kuhara kunakoletwa na antibiotiki, ukidhani ni ushindi. Uholanzi walifanya utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2016: wagonjwa wenye dalili zilizobaki walitibiwa wiki mbili kwa sindano, kisha wengine wakaendelea na antibiotiki wiki 12 na wengine wakapewa vidonge vitupu. Mwisho wa yote hali zao zilikuwa sawasawa. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji daktari atafute upya kinachomsumbua, na siyo ngazi ndefu zaidi ya vidonge.

MwalimuIpuli

Wakuu, nimerudi. Jana nilimsomea dada uzi huu kwa simu, neno kwa neno, mpaka pa Mama Kibirizi nikashindwa, tukanyamaza wote wawili.

Amempigia daktari wake. Hakugombezwa. Daktari alimwuliza tu kwa nini hakupiga simu usiku ule ule, akamwambia aanze upya siku 10 kamili, kapsuli nzima mara mbili kwa siku, na akampa namba ya kupiga usiku. Alimeza ya kwanza mbele ya jirani yake, mama wa Kikenya anayekaa ghorofa ya chini. Nami nilikaa kwenye simu kuanzia saa tisa usiku ya huku hadi adhana. Alihisi baridi kidogo, akajifunika blanketi, akalala. Hakutetemeka.

MamaKibirizi

Alhamdulillah.

NyukiSikonge

Safi sana Mwalimu. Tunasubiri siku ya kumi.

MwalimuIpuli

Siku ya kumi imefika, kapsuli ya 20 ameimeza leo asubuhi. Alinitumia picha: doa limebaki kivuli tu, ukiwa hujui hulioni. Uchovu bado anao kidogo, daktari atamwona tena baada ya wiki mbili.

Nyumba ya bibi kule Uyui bado imesimama, anakaa binamu na watoto wanne, sakafu ni ile ile ya udongo. Nimekubaliana na dada tugawane: yeye saruji, mimi fundi na mchanga, tuanze na chumba wanacholala watoto, tuzibe na nyufa za ukuta. Tabibu, kama kuna dawa ya kupuliza kabla fundi hajaanza, niandikie hapa au inbox.

Dada ameniuliza yule bwana wa maabara aliyemwita mjomba achungulie kwenye hadubini alikuwa anaitwa nani. Silijui jina lake. Jumamosi nitapita kwa mjomba nimuulize.